Apareyi ndogo au DSLR: pima kazi yako kabla ya kutoa dola

Mtu anayetaka kuanza kazi ya foto hapa Goma anachagua kati ya apareyi ndogo ya mfukoni na DSLR, ile kamera kubwa yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa. Swali lake la kwanza dukani karibu kila mara ni megapikseli ngapi, yaani mamilioni mangapi ya nukta zinazounda picha. Swali hilo halimfikishi popote. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapishwa vizuri kwa nukta 300 kwa kila inchi, inakula megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 unakula karibu 9. Apareyi ndogo ya mfukoni yenye 16 imeshavuka hapo zamani. Mteja akirudisha picha za arusi akilalamika kwamba uso wa bibi arusi hauonekani, kosa halimo katika hesabu hiyo. Limo katika mwanga, na katika ule muda kati ya kidole kubonyeza na kamera kuitika. Hayo mawili ndiyo ya kupima.

Mvua moja, mabati mawili

Ndani ya kila kamera kuna kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga. Katika apareyi ndogo nyingi kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, punje ya hindi inakizidi. Katika DSLR za kawaida za Canon ni milimita 22.3 kwa 14.9, na za Nikon ni 23.5 kwa 15.6. Eneo lake ni mara 12 au 13. Anayekinga maji ya mvua nyumbani anaelewa mara moja: bati la nyumba na bati la choo vinanyeshewa mvua ile ile, lakini pipa linalojaa ni moja.

Mchana, kwenye Rond-point Tshukudu au kando ya ziwa Kivu, mvua ya mwanga ni nyingi na mapipa yote mawili yanajaa. Ukichapisha picha mbili za sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa sentimita 10 kwa 15, wengi hawatajua ipi imetoka wapi. Tofauti inaanza jua likishuka. Apareyi ndogo ina rangi safi kwenye ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuona mwanga) ya 100 hadi 400. Ikifika 800 inaanza kupaka: nywele zinakuwa kama rangi ya ukutani, vitenge vinapoteza maua madogo. DSLR inakwenda hadi 1600, mara nyingi 3200, na picha bado inauzika.

Chukua ibada ya jioni ndani ya kanisa lenye taa chache. Apareyi ndogo ikivuta zumu hadi mwisho, tundu la lenzi linabaki f/6.5 hivi (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kwenye ISO 800 shata, lile pazia linalopitisha mwanga, inahitaji kubaki wazi karibu 1/12 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mchungaji akiinua mkono, mkono unafutika. DSLR yenye lenzi ya 50 mm f/1.8, kwenye ISO 1600, inapata karibu 1/320 katika mwanga ule ule. Mkono unasimama.

Angalia vizuri: tumesema lenzi ya 50 mm f/1.8. Hatukusema ile 18-55 inayokuja na kamera ndani ya katoni. Hiyo ikivutwa hadi 55 inabaki f/5.6, na f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 kuiliko. Wengi wananunua DSLR, wanaiacha na lenzi ya katoni kwenye otomatiki, wanaingia kanisani, wanatoka na picha zilizotikisika, kisha wanasema wametapeliwa. Kama dola zinatosha mwili wa kamera na lenzi moja tu, nunua mwili wa zamani kidogo na lenzi nzuri. Tutasema hivyo kwa yeyote anayeuliza.

Majaribio matatu kwa kamera uliyo nayo

La kwanza ni la muda. Fungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, ielekezee kamera, na ubonyeze kitufe cha shata pale inapogonga 5.00. Tazama picha: saa inasoma ngapi? Rudia mara tano. Ikisoma 5.60, kamera yako inachelewa zaidi ya nusu sekunde, nawe unapoteza kila kicheko na kila pete inayoingia kidoleni. Sasa rudia, lakini bonyeza nusu kwanza, ngoja mraba uwe kijani, ushikilie, halafu malizia saa ikigonga 5.00. Ucheleweshaji mwingi utatoweka, kwa sababu sehemu kubwa ya muda ule ni kamera kutafuta fokasi. Apareyi ndogo nyingi zinapeleka lenzi mbele na nyuma hadi zione picha imekolea. DSLR ina vipokezi vya pekee vya fokasi chini ya kioo, vinavyojua mara moja lenzi iende upande gani na kwa kiasi gani. Kama kubonyeza nusu kunakutosha, umeokoa dola nyingi leo hii.

La pili ni la mwanga hafifu. Saa kumi na mbili na nusu jioni, ndani ya nyumba, bila flashi, piga mtu anayetembea polepole. Usivute zumu, sogea kwa miguu. Apareyi ndogo ikiwa haijavutwa ina f/3.3 hivi, ikivutwa hadi mwisho inabaki na robo ya mwanga huo. Kama hata hivyo mtu anafutika, umegonga ukuta wa kamera yenyewe, na mbinu hazitakupitisha.

La tatu ni la hapa kwetu hasa, na ndilo linaloharibu picha nyingi za arusi za Goma. Ardhi yetu ni nyeusi. Mtu mwenye ngozi nyeusi, nguo nyeupe, amesimama juu ya mawe ya volkano: kamera ya otomatiki haijui imfuate nani. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba vitu vyote mbele yake, ukivichanganya, vinatoa rangi ya kijivu. Bibi arusi akisimama mbele ya ukuta mweupe wa ukumbi, kamera inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga: gauni linakuwa kijivu, uso unazama. Anatoka nje, hatua kumi tu, anasimama juu ya mawe meusi. Sasa kamera inaona weusi mwingi na kuongeza mwanga: uso unapendeza, lakini lesi ya gauni inaungua na kuwa karatasi tupu. Bibi arusi ni yule yule, gauni ni lile lile, dakika moja tu imepita.

Fanya jaribio hilo kwa shati jeupe lenye mistari au lesi na uso wa rafiki, mara moja ukutani, mara moja juu ya mawe. Ukutani, tafuta kitufe chenye alama ya kuongeza na kutoa, uongeze +0.7 hadi +1. Juu ya mawe, punguza -0.7 kwanza, kisha tazama lesi kwa kukuza picha kwenye skrini. Uzi wa lesi ukionekana, umefika. Uso ukibaki na giza, uangaze kwa flashi ukiwa umbali wa mita 1.5 hadi 2. Katika hili apareyi ndogo si mnyonge: shata ya nyingi iko ndani ya lenzi, kwa hiyo flashi yake inakubali kasi kubwa juani, wakati DSLR nyingi zinaishia 1/200 au 1/250.

Kinachoikwamisha ndogo ni faili. Nyingi zinatoa JPEG tu, yenye ngazi 256 kwa kila rangi. DSLR inatoa pia RAW, faili ghafi ya kihisi, yenye ngazi 4,096 au 16,384. Uso uliozama kidogo katika RAW unaweza kuinuliwa kwenye kompyuta na ngozi ikabaki ngozi. Katika JPEG unatoa madoa na rangi ya majivu. Lakini lesi iliyoungua kabisa haifufuki katika faili yoyote. Linda nyeupe kwanza.

Kazi ambazo DSLR haiongezi kitu kikubwa

Picha za pasipoti na kadi mchana. Bidhaa za kutuma WhatsApp. Hati. Kikundi cha watu nje. Kihisi kidogo kinafanya vitu vya karibu na vya mbali vikolee pamoja, kwa hiyo safu tatu za wanakwaya zote zinaonekana bila hesabu yoyote. Kwa vitu vidogo, kama pete, shanga au pakiti ya mbegu, apareyi ndogo nyingi zinakaribia hadi sentimita 5 au chini, wakati lenzi ya 18-55 inakataa chini ya sentimita 25 hivi. Kwa pasipoti, jihadhari na jambo moja: usimkaribie mtu na lenzi isiyovutwa, pua inavimba. Rudi nyuma mita 1.5 au 2, halafu vuta zumu.

Na ndogo haivuti macho. DSLR ikitoka kwenye mfuko barabarani, watu wanageuka, na wenye silaha wanauliza maswali. Usipige askari, kizuizi, mpaka wala uwanja wa ndege kwa kamera yoyote, na popote pengine omba ruhusa kabla ya kuitoa.

Ukienda kwenye DSLR ya okazi, iliyokwisha kutumika

Majaribio ya pili na ya tatu yakikushinda kila wiki, na kazi inalipa, nenda. Beba kadi yako, betri iliyojaa kama unayo, na karatasi nyeupe.

Weka f/16 au f/22, fokasi iwe ya mkono na isikolee, piga karatasi, kuza. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi juu ya kihisi. Hilo linasafishika na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Apareyi ndogo ikionyesha madoa kama hayo, iache, maana kuifungua ni kazi ya fundi na mara nyingi hairudi sawasawa. Kisha funika lenzi, piga sekunde 10 kwa ISO 400, utazame nukta zenye rangi kwenye giza: chache si tatizo, nyingi ni tatizo. Uliza idadi ya shata, yaani imekwisha kupiga mara ngapi. DSLR za bei nafuu kwa kawaida huhesabiwa kuvumilia kama picha 100,000, na iliyotoka studio inaweza kuwa imekaribia. Kwa ndogo, washa na uzime mara kumi ukisikiliza: lenzi inayokwaruza ikitoka imeshakula mchanga.

Upande wa lenzi, Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ndani. Ukiwekewa 50 mm f/1.8D, fokasi haitajiendesha. Tafuta yenye herufi AF-S. Canon za EOS hazina taabu hiyo. Upime pia chumba: kwenye kihisi cha aina hii, 50 mm inahitaji mita 4 na zaidi ili mtu mzima aingie wima. Katika nyumba ya mbao yenye chumba cha mita 3, chukua 35 mm.

Tazama kupitia tundu la jicho. Ukitumia skrini, DSLR nyingi za zamani zinaacha vile vipokezi vya fokasi na kuchelewa kuliko hata apareyi ndogo. Lalamiko la "DSLR yangu inachelewa" mara nyingi linaanzia hapo.

Flashi ya juu ya kamera haifiki mbali. Kwa namba ya flashi (kipimo cha nguvu yake) 10, tundu f/5.6 na ISO 100, inaishia mita 1.8, ISO 400 inaifikisha 3.6. Anayesimama mwisho wa ukumbi na kupiga meza ya maarusi anawaangaza migongo ya wageni walio mbele yake. Faida ya DSLR ni kile kiatu cha juu kinachopokea flashi kubwa, unayoweza kuigeuza ipige dari. Lakini dari iwe nyeupe. Ukiipiga kwenye mbao, ngozi inarudi na unjano; kwenye hema la rangi ya buluu, watu wote wanakuwa kama wagonjwa.

Vumbi na umeme

Vumbi la Goma limetokana na mawe ya volkano, nalo linakwaruza. Apareyi ndogo linaingia kwenye mianya ya lenzi inayotoka na kurudi, hadi siku moja inakwama nje na kuandika kosa la lenzi. Ibebe ndani ya mfuko wa plastiki wenye kufunga, na usiiwashe ukiwa nyuma ya motari. DSLR, vumbi linaingia unapobadilisha lenzi: izime, geuza mgongo kwa upepo, elekeza mdomo wa kamera chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi.

Kusafisha, jaza betri kwanza, kwa sababu ikizimika katikati kioo kinashuka kabla hujamaliza. Chagua kwenye menyu kuinua kioo, geuza kamera chini, puliza kwa mpira wa kupulizia bila kuingiza ncha ndani. Mpira mpya wa kunyonya makamasi ya mtoto unafaa, ukishauosha na kuukausha kabisa unga wote ukatoka. Usipulize kwa mdomo. Mate yanakauka juu ya kihisi. Usitumie hewa ya kopo, inaweza kutema kimiminika baridi.

Umeme ukikatika, ndogo nyingi zinachajiwa kwa waya wa simu kutoka pawabanki. DSLR za bei nafuu nyingi zinataka chaja yake ya ukutani. Lakini betri yake inapiga picha 500 au zaidi, wakati ile ya ndogo inaishia 200 hadi 300. Kwa arusi ya siku nzima, betri mbili za DSLR, zote zijazwe usiku wa kuamkia siku hiyo, na chaja ikabidhiwe mtu wa jenereta kabla muziki haujaanza.