Mkimbiaji wa Ridhaa katika Mbio Ndefu za Milimani

Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza katika mbio ndefu za milimani huuliza urefu wa njia, ilhali maswali yanayopaswa kutangulia ni mawili: kuna mita ngapi za kupanda, na muda wa mwisho wa kumaliza ni saa ngapi? Wakimbiaji wa milimani wana kanuni rahisi ya kuhesabu kila mita 100 za kupanda kuwa sawa na kilomita 1 ya tambarare. Kwa kanuni hiyo, njia ya kilomita 50 yenye mita 2,500 za kupanda huwa na uzito wa kilomita 75, na bado mawe, matope na mizizi havijahesabiwa. Piga hesabu hiyo kabla ya kulipa ada ya kushiriki, kisha uigawe kwa saa zilizoruhusiwa.

Jibu linaweza kukushangaza. Mbio za UTMB, ambazo tangu mwaka 2003 huzunguka mlima Mont Blanc zikipitia Ufaransa, Italia na Uswisi, zina takriban kilomita 170 na mita 10,000 za kupanda, na muda wake wa mwisho ni saa 46 na nusu. Anayevuka mstari katika dakika za mwisho huwa amekwenda chini ya kilomita 4 kwa saa, mwendo ambao mtu yeyote mwenye afya huufikia akitembea barabarani. Mbio hizo si rahisi hata kidogo, lakini hesabu hiyo inatufundisha kwamba mkimbiaji wa ridhaa hashindwi kwa kukosa kasi. Hushindwa kwa sababu tumbo limekataa chakula, mapaja yamekufa ganzi, au ameketi mno njiani.

Kwa hiyo mazoezi yapimwe kwa saa na kwa mita za kupanda zaidi kuliko kwa kilomita. Mtu ambaye tayari anakimbia mara tatu au nne kwa wiki ajipe miezi minne hadi sita, aongeze muda kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu apunguze ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Sehemu kubwa ya mazoezi iwe ya mwendo mwepesi unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Fanya pia mazoezi ya kutembea kwa kasi mlimani, mikono ikisukuma magoti au ikishika fimbo, kwa kuwa hata washindi hutembea penye mwinuko mkali na hakuna anayewacheka.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kuteremka. Mtu anapoteremka, misuli ya mbele ya mapaja hurefuka huku ikiwa imekaza ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi hiyo huichana nyuzi zake kuliko kupanda kunavyofanya. Ndiyo maana maumivu makali huja siku moja au mbili baadaye, mtu akashuka ngazi kinyumenyume. Habari njema ni kwamba misuli iliyoumia hivyo mara moja hupata ukinzani unaodumu kwa wiki kadhaa. Weka basi zoezi la kuteremka kila wiki moja au mbili, ukianza na mteremko mfupi, na la mwisho lililo zito ulifanye wiki mbili au tatu kabla ya mbio. Piga hatua fupi za harakaharaka, na macho yatazame mita chache mbele badala ya kuganda miguuni. Asiye na mlima karibu atumie ngazi za jengo refu, ingawa, kwa kweli, ngazi haimfundishi mtu kukanyaga jiwe linaloyumba.

Tumbo nalo hufanyiwa mazoezi. Damu inapokimbilia kwenye misuli, utumbo hubaki na kidogo, na chakula kisichozoeleka hurudi kilikotoka. Lengo la kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Waliozoea mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, aina mbili za sukari, hufika hadi 90. Anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi, na ubebe kitu cha chumvi, kwani baada ya saa nyingi vitu vitamu humkinaisha mtu kabisa. Maji yanywe kwa kufuata kiu. Anayekunywa kupita kiasi huipunguza sodiamu katika damu yake, hali inayoweza kuua, na dalili zake ni kuvimba vidole, kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Dawa za maumivu kama ibuprofen ziache nyumbani, kwa sababu huongeza hatari kwa figo zilizokwisha kuelemewa.

Kuhusu vifaa sina mengi: usivae kitu chochote kipya siku ya mbio, kata kucha siku kadhaa kabla, na usimame mara unapohisi mguu unaungua, kwa maana lengelenge likishatokea limetokea. Taa ya kichwani, betri za akiba, filimbi, koti la mvua na blanketi la dharura vibebe hata pale waandaaji wasipolazimisha.

Siku yenyewe, anza polepole mpaka uone haya. Kisha linda dakika zako vituoni, pale njiani unapopata chakula na maji: vituo kumi, kila kimoja dakika kumi na mbili, ni saa mbili zilizokwenda ukiwa umeketi. Kabla ya kufika, amua utajaza nini, utakula nini na utabadilisha nini, na chakula kinachoshikika mkononi ukile njiani.

Ukichanganyikiwa, ukitetemeka bila kukoma au ukishindwa kabisa kubakisha maji tumboni, jitoe. Fanya hivyo kituoni, mkononi mwa msimamizi, na umkabidhi namba yako, kwa sababu anayeondoka kimyakimya huwafanya waokoaji wamtafute mlimani usiku kucha naye amelala kitandani.