SOMO: Kutafuta neno kwenye ebook nyingi kwa mpigo na kuhesabu limetokea mara ngapi

Wakuu habari zenu. Kuna watu wana folda limejaa ebook, wakitaka kujua neno fulani limo kwenye vitabu vipi wanafungua kimoja kimoja na Ctrl+F mpaka vidole vinaota sugu. Njia ipo na ni ya bure.

Kwanza elewa hili maana ndo wengi wanakwama hapa. EPUB (aina ya faili la ebook) ni zip tu, ndani kuna kurasa za HTML zimebanwa, sasa ukiitafutia neno ikiwa hivyohivyo kompyuta inakwambia hamna kitu wakati neno limejaa tele. Lazima uigeuze iwe TXT, yaani maandishi matupu.

Hatua ya 1: Shusha Calibre (programu ya bure ya kupanga na kugeuza ebook), ingiza vitabu, Ctrl+A, kisha Convert books > Bulk convert, output weka TXT. Ikimaliza nenda Save to disk, toa TXT peke yake kwenye folda moja. (Kama unataka tu kujua neno limo kitabu gani, Calibre kuanzia toleo la 6 la 2022 inatafuta yenyewe mpaka ndani ya vitabu, ila uiruhusu i-index kwanza, yaani ipitie vitabu vyote na kuorodhesha maneno yake.)

Hatua ya 2: Wa Windows tumieni Notepad++ (programu ya bure ya kuhariri maandishi), Ctrl+Shift+F, andika neno, chagua folda, Find All. Inaleta jumla na idadi ya kila faili. Wa Linux na Mac fungueni Terminal ndani ya folda hilo, andikeni amri hii, inaleta jumla:

grep -oi "bahari" *.txt | wc -l

Msitumie grep -c, ile inahesabu mistari, na kwenye TXT za Calibre kwa kawaida aya nzima ni mstari mmoja, kwa hiyo "bahari" nne kwenye aya moja utaandikiwa 1.

Hatua ya 3, na hapa ndo pana kazi kwelikweli. Kiswahili kinabandika viambishi mbele na nyuma. Ukitafuta "penda" na umetiki Match whole word, anapenda na walipendana zote zinakupita. Ukitoa tiki unazipata, ila hapendi na upendo bado ziko nje. Basi tafuta "pend", na hapo sasa mapendekezo na upendeleo nayo yanajiingiza humohumo, mimi huwa nahesabu "pendek" na "pendele" pembeni halafu natoa. Halafu ng'ombe! Vitabu vingine vina ' iliyonyooka vingine ’ iliyopinda, kwa hiyo tiki Regular expression uandike ng['’]ombe (mabano yanamaanisha mojawapo ya alama hizo), la sivyo nusu ya kundi huioni.

MASWALI

Mkuu, na PDF je?
Kama maandishi yanakubali kukopiwa, pdftotext (amri ya kutoa maandishi kwenye PDF) inatosha, ila angalia maneno yaliyokatwa na kistari mwisho wa mstari, hayo huenda yasihesabiwe. Kama ni kurasa zilizopigwa picha pitisha OCR (programu ya kusoma maandishi kwenye picha) kwanza, na idadi ichukulie ni makadirio.

Nalinganisha vitabu viwili kimoja kinene sana, inakuwaje?
Usilinganishe idadi mbichi. Gawa kwa maneno yote ya kitabu (wc -w inakupa) kisha zidisha mara 10,000. Mara 40 kwenye maneno 80,000 ni 5, mara 25 kwenye maneno 20,000 ni 12.5, kwa hiyo kile chembamba ndo kinalitumia zaidi.

Vya kununua vinagoma kugeuka kaka
Hivyo vina DRM, yaani kufuli la kidijitali la muuzaji, Calibre haivigusi. Tumia search ya app uliyonunulia, kitabu kimoja kimoja, hapo hamna mkato.