Asaimenti za wawili wawili darasa la kuprogramu
Kama unafundisha kuprogramu mwaka wa kwanza na unatoa asaimenti za wawili wawili, usimpange mkali na asiyejua kitu, yule mkali atashika kibodi mwanzo mwisho na mwenzake abaki kutingisha kichwa tu. Weka wanaokaribiana uwezo. Halafu wabadilishane kibodi kila dakika 15 au 20 hivi, mmoja anaandika, mwenzake anafuatilia kila mstari na kuuliza "sasa hii lupu inaishia wapi?" (lupu ni maagizo ya programu yanayojirudia). Siku ya kusahihisha chagua yeyote kati yao bila kumtaarifu, mwambie abadilishe kitu kidogo hapohapo, mfano lupu ihesabu kurudi nyuma, aliyebebwa utamjua fasta. Na jozi uwe unazivunja, wakishazoeana sana wanaanza kugawana maswali, we la kwanza mi la pili.