Zima data kabla ya kuunganisha kamera na simu

Nimeligundua hili Jumamosi pale Uhuru Park, shangazi akisubiri picha zake: kabla ya kuunganisha kamera ndogo na simu kwa waifai, zima data ya simu. Mtandao unaotolewa na kamera hauna intaneti, ni njia tu ya kupitishia picha. Simu nyingi zikiona hivyo hurudi kimyakimya kwenye data, na programu ya kamera hubaki ikizunguka bila kuipata kamera. Ukiizima, simu haina pa kukimbilia. Ikikuuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Picha zikishaingia, washa data utume WhatsApp.

Njia hii haitasaidia kama betri ya kamera iko karibu kuisha, maana kamera nyingi hapo hukataa kuwasha waifai. Na video ndefu usihangaike nazo hivi: huchukua muda mno, na kuna kamera zisizotuma kabisa video za 4K, yaani zile za ubora wa juu sana. Toa kadi ya kumbukumbu kwenye kamera, tumia kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu. Mimi sasa hutembea nacho mfukoni.