Yadi 6 za Kitenge kwa Sebule Moja: Pazia la Mlango, Mito Minne na Picha ya Ukutani

Sebule nyingi ninazoingia hapa Mwanza kupima mapazia, kuanzia za nyumba zilizokaa juu ya mawe ya Mabatini hadi za tambarare ya Igoma, zina kuta zilizopakwa rangi ya maziwa, makochi ya kahawia na sakafu ya vigae vyeupe, na mwenye nyumba huniambia kwamba anataka pachangamke bila kununua samani mpya. Jibu langu kwa kawaida ni moja: nunua kitenge kimoja kizuri cha yadi 6, kisha ukimalizie chote ndani ya chumba hicho. Vitenge vitano vya maua tofauti huigeuza sebule kuwa kama meza ya muuza nguo mnadani, ilhali ua moja linaloonekana mlangoni, kwenye makochi na ukutani hukifanya chumba kionekane kimepangwa na mtu aliyejua anachokitaka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukigawa kitenge hicho na kukishona kwa cherehani ya kawaida, hata ile ya kukanyaga kwa miguu.

Hatua ya 1: Kuchagua kitenge

Katikati ya mji, madukani na kwa wauzaji wa Makoroboi, vitenge ni vingi kiasi cha kumchanganya mnunuzi, na neno «wax» (yaani nta) lililochapishwa ukingoni si uthibitisho wa kitu chochote, kwa kuwa huchapishwa hata kwenye vitambaa visivyo na uzi wa pamba. Geuza kitambaa uangalie upande wa ndani: kitenge halisi cha nta huwa na rangi iliyopenya, kiasi kwamba ni vigumu kutofautisha uso na ndani, wakati kilichochapishwa upande mmoja huwa kimepauka nyuma. Kwa mito na picha tofauti hiyo haina madhara, lakini pazia la mlangoni huonwa na walio ndani na walio nje, kwa hiyo pande zote mbili zinahusika.

Ukitaka kuwa na uhakika wa pamba, omba nyuzi kadhaa zilizochomoka ukingoni, uziunguze juu ya sahani yenye maji. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta ina sifa zake, mojawapo ikiwa ni kutopauka upesi juani, ila kwa mto wa kulalia shavu mchana wa joto mimi sishauri kitu kingine zaidi ya pamba.

Kuhusu ua lenyewe, chagua kubwa, lenye kipenyo cha sentimita 25 hadi 40, kwa sababu maua madogo yakitazamwa kutoka mlangoni huungana na kuwa rangi moja ya vumbi. Rangi ya chini, yaani ile inayojaza nafasi kati ya ua na ua, iwe ya kuiva: bluu ya kaniki, kijani kibichi, au nyekundu ya ugoro. Wakazi wa Kirumba, Igombe na kwingine karibu na maji wanazo sababu zaidi za kufanya hivyo, maana wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa makundi kama moshi na kufuata taa usiku huacha madoa kwenye kila pazia jeupe.

Kanga pia inafaa kwa pazia, mradi usiikate pindo wala jina. Soma kwanza maneno yake kwa utulivu, kwa kuwa kanga ya mafumbo ikitundikwa mlangoni itamsema kila mgeni anayeingia, akiwemo mama mkwe.

Hatua ya 2: Kufua kabla ya kukata

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kitenge kipya hutoka dukani kikiwa na wanga unaokifanya kikakamae na kung'aa, na pamba yake bado haijanywea kwa kufuliwa. Loweka kitambaa chote kwenye maji baridi usiku mmoja, kifue kwa sabuni isiyo kali, kisha ukianike kivulini kikiwa kimenyooshwa kwa urefu wake. Wengi huongeza chumvi wakiamini kwamba inashika rangi. Chumvi haiiongezei uimara rangi iliyokwisha kuchapishwa kiwandani, na kinachosaidia ni kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Jaribu mwishoni kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kitenge: kikiendelea kushika rangi, fua tena, la sivyo rangi hiyo itahamia kwenye kochi au kwenye nguo ya mgeni.

Piga pasi kitambaa kikiwa na unyevu kidogo. Anayetumia pasi ya mkaa atandike kwanza kitambaa chepesi juu yake ili majivu yasiguse kitenge.

Hatua ya 3: Kupima na kugawa

Yadi 6 ni takriban mita 5.5, na upana wa kitenge ni kama sentimita 115. Baada ya kufua na kuondoa kingo, mimi hupiga hesabu ya sentimita 530 kwa 110, na mgawanyo wangu huwa huu. Pazia la mlango huchukua sentimita 220 za urefu kwa upana wote. Nyuso nne za foronya, kila moja ya sentimita 45 kwa 45, hukaa mbili mbili kwa upana na zingehitaji sentimita 90 tu, lakini tenga 120 ili upate nafasi ya kusogea na kuliweka ua katikati. Picha ya ukutani huchukua kipande cha 52 kwa 62. Migongo minane ya foronya, miwili kwa kila mto, kila mmoja wa sentimita 45 kwa 31, hutoka kwenye nafasi iliyobaki pembeni mwa picha na kwenye sehemu ya mwisho ya kitambaa, kwa kuwa hakuna anayeukagua mgongo wa mto. Hubaki kama sentimita 38, ambazo ni za vishikio vya pazia.

Kata pazia kwanza, maana ndilo linalohitaji kipande kirefu kisichokatika. Kabla ya kutia mkasi, kishike kitambaa mlangoni na uhakikishe kwamba ua zima linaangukia usawa wa macho wala halikatwi na bomba la juu la kutundikia pazia. Angalia pia kama mchoro una kichwa na miguu: ndege, samaki, taa na viti vilivyochorwa kwenye vitenge vingi vina upande wa juu, na pazia lenye samaki waliolala chali huonekana kosa mara moja.

Kwa nyuso za foronya, tumia dirisha la boksi. Chukua boksi gumu la dukani, ukate ndani yake tundu la mraba la sentimita 43 kwa 43, ambalo ndilo eneo litakaloonekana baada ya kushona, kisha ulitelezeshe juu ya kitenge taratibu. Macho yataona kitu ambacho futikamba haiwezi kukueleza: ua likiwa katikati kabisa, mto hutulia, likisogezwa kidogo kwenye kona, mto huwa na mwendo. Mimi hupenda miwili iwe na ua katikati kwa ajili ya kochi kubwa, na miwili iwe na robo ya ua kwenye kona kwa ajili ya viti vya mtu mmoja. Ukiridhika, weka alama kwa chaki kwenye kona nne za tundu, ongeza sentimita 1 kila upande kwa ajili ya mshono, ndipo ukate.

Hatua ya 4: Kushona foronya

Hapa tunatengeneza foronya ya bahasha, isiyo na zipu, kwa sababu zipu ya bei nafuu hufa kabla ya kitambaa. Weka sindano namba 14 na uzi wa poliesta, urefu wa mshono uwe milimita 2.5 hadi 3, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha masalio.

Kwa kila mgongo, kunja upande mmoja mrefu sentimita 1, kisha sentimita 2, upige pasi na kushona pindo. Kipande cha 45 kwa 31 sasa kitakuwa 45 kwa 28. Laza uso wa foronya mezani ukiwa unakutazama. Juu yake laza mgongo wa kwanza, ndani yake ikiwa juu, ukiulinganisha na ukingo wa juu wa mto. Kisha laza mgongo wa pili ukiulinganisha na ukingo wa chini. Vipande hivi viwili vitapandana kwa sentimita 11, na huo mpandano ndio unaozuia mto usichungulie nje. Utaratibu wa kutanguliza wa juu una maana yake: foronya ikigeuzwa, uliotangulia ndio unaokuwa nje, na hivyo mdomo hutazama chini na haukusanyi makombo ya mkate.

Bana kwa pini kuzunguka, halafu usishone kona zikiwa za mraba kamili. Kona ya mraba haijai. Hubaki imelegea na kusimama kama masikio ya mbuzi hata mto uwe umeshiba kiasi gani. Kwenye kila kona weka nukta iliyoingia ndani sentimita 1 zaidi ya mstari wa mshono, kisha chora mstari unaoanza sentimita 10 kabla ya kona na kuelekea kwenye nukta hiyo taratibu. Shona kwa kufuata mstari huo, rudisha mshono pale migongo inapopandana, punguza ncha za kona, na upige ovaloki au zigizaga kingo zote ili nyuzi zisifumuke. Ukiigeuza foronya na kuijaza, kona zitaonekana za mraba, ingawa kwenye chaki hazikuwa hivyo.

Mto wa ndani uwe wa sentimita 45 kamili, wakati foronya yenyewe ni 43. Tofauti hiyo ndiyo inayoukaza. Kuhusu cha kujaza, vipande vya sponji ni rahisi kupata lakini hujitokeza kama mawe chini ya kitambaa chembamba, na pamba, ambayo Kanda ya Ziwa tunailima wenyewe, hugandamana na kuwa nzito baada ya muda. Chaguo langu ni sufi, inayotoka kwenye tunda la msufi: ni nyepesi, hainywi maji kirahisi, na ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuvaa mabaharia. Ishone ndani ya mfuko wa marekani, yaani kitambaa cha pamba kisicho na maua, uliofumwa kwa karibu, kwa kuwa nyuzi zake hupenya kwenye kitambaa chochote chenye uwazi.

Hatua ya 5: Pazia la mlango

Pima kutoka kwenye bomba hadi sakafuni. Tuchukulie ni sentimita 205: toa 3 ili pazia lisifagie vumbi, ongeza 8 za njia ya bomba na 10 za pindo la chini, unapata zile 220 tulizokata. Pindo la pembeni ni jembamba, sentimita 1 mara mbili. Juu, kunja 1 kisha 7 na ushone. Halafu shona mstari wa pili sentimita 2 kutoka ukingo wa juu, ili bomba lipite katikati ya mistari hiyo miwili na juu yake ibaki shada ndogo ya mikunjo ya kitambaa. Pindo la chini likunje 5 mara mbili, na hapo usiwe bahili, kwa sababu uzito wake ndio unaolituliza pazia upepo wa ziwani unapoanza alasiri.

Pazia likiwa linapigwa na jua la jioni, lishonee marekani upande wa nje. Mitumba ya mashuka meupe ya soko la Mlango Mmoja hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ndogo, ila nayo ifuliwe kwanza.

Hatua ya 6: Picha ya ukutani

Mwombe seremala fremu tupu ya mbao nyepesi ya sentimita 40 kwa 50, yenye unene wa sentimita 2.5. Ivishe kwanza marekani nyeupe, la sivyo rangi ya mbao itaonekana kupitia sehemu angavu za kitenge. Laza kitenge kikiwa kimegeuzwa, weka fremu juu yake, kisha pigilia pini ya stepla moja katikati ya kila upande, ukianza na pande zinazotazamana. Kutoka hapo sogea kuelekea kona, pini moja huku na moja kule, ukivuta kwa nguvu inayolingana. Anayemaliza upande mmoja wote kwanza huishia na mistari iliyopinda, na kwenye kitenge chenye miduara kasoro hiyo huonekana hata kwa aliyekaa mbali.

Kona zikunje mara moja kuelekea ndani kama shuka la hospitali, juu na chini zikifanana. Itundike juu ya kochi, sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wake, kwa msumari wa zege, na usitundike kitu kingine kwenye ukuta huo.

Wadudu wa ziwani wakilijaa pazia, usilifute kwa mkono, kwa kuwa wakipondwa huacha doa la kijani. Subiri wakauke, ulitoe nje na kulikung'uta. Foronya zigeuze ndani nje kabla ya kufua, uzianike hivyo hivyo kivulini.