Jinsi ya Kurekodi Wimbo wa Katuni na Rafiki Yako wa Utotoni Aliye Mbali

Maelezo haya ni ya watu wawili waliokua pamoja wakiimba nyimbo za filamu za katuni, na sasa kila mmoja yuko kwake. Mtahitaji simu, spika za masikioni na programu ya kuunganisha sauti. Mimi na rafiki yangu tunarekodi hivi hivi, na urafiki wetu umepata uhai ambao salamu za sikukuu hazikuwahi kuupa.

Hata kama hamjazungumza miaka, usianze kwa kujieleza kwa nini ulipotea. Mwimbie mstari wa kwanza wa wimbo wenu kwenye ujumbe wa sauti, kisha nyamaza. Akikurudishia mstari wa pili, wimbo mmeshaupata na mazungumzo yamefunguka yenyewe. Asipoukumbuka, jaribu mwingine. Mnautafuta ule ambao mmoja akiuanzisha mwenzake anaudaka bila kufikiri, na mara nyingi huo si ule uliovuma kuliko yote.

Sasa uangalieni wimbo wenyewe ulivyojengwa. Nyingi katika filamu hizi zimetungwa kwa sauti moja: mapema katika hadithi mhusika anabaki peke yake na kuimba kile anachokitamani. Ni nyimbo tamu, ila mmoja ataimba na mwingine atabaki kusikiliza. Msizitupe, zigaweni. Mfano mzuri umo katika Toy Story ya mwaka 1995. Wimbo wa "You've Got a Friend in Me" unasikika mwanzoni ukiimbwa na mtunzi wake, Randy Newman, peke yake. Mwisho wa filamu, majina yanapopita, unarudi akiuimba pamoja na Lyle Lovett. Sikilizeni matoleo hayo mawili moja baada ya jingine. Mtasikia jinsi mistari ilivyogawiwa, huyu akiuliza na yule akijibu, na mnaweza kufuata mtindo huo kwa wimbo wowote.

Katika kugawana sehemu, rudini kwenye mgawanyo wenu wa zamani. Rafiki yangu alikuwa na sauti nzito tangu utotoni, na wahusika waovu wote walikuwa wake. Aliwaimba akiwa amekunja uso, kidole juu, mpaka nikawa namwogopa kidogo. Mimi nilikuwa binti mfalme, na pia ndege, kikombe, au chochote chenye sauti nyembamba. Tumeshika nafasi hizo hizo hadi leo, kwa sababu humo ndimo kila mmoja wetu anamsikia mwenzake yule yule.

Kuhusu maneno, nina msimamo mkali. Sisi tulizitazama filamu hizo kwenye mikanda ya video, na lugha yake hatukuielewa vizuri, kwa hiyo tuliimba tulivyosikia. Kuna kiitikio ambacho rafiki yangu alikijaza silabi zake mwenyewe, nami nikakijifunza kutoka kwake. Kwangu huo ndio wimbo. Leo maneno sahihi yanapatikana mara moja, na mtashawishika kuyasoma. Msiyasome. Imbeni mlivyoimba. Mkikuta kila mmoja anakumbuka tofauti, bishaneni, na huo ubishi urekodini pia, maana humo ndimo yatakamotoka mambo mliyodhani mmeyasahau.

Msijaribu kuimba kwa pamoja mkiwa kwenye simu. Sauti huchelewa njiani, na hata ucheleweshaji mdogo wa sehemu ya kumi ya sekunde unatosha kuwavuruga: kila mmoja atakuwa anamsubiri mwenzake, na wimbo utazidi kuwa mzito hadi usimame. Rekodini kwa zamu. Wa kwanza aweke muziki usio na maneno kwenye spika za masikioni, ausikilize yeye tu, na arekodi sauti yake pekee kwa simu nyingine. Muziki unapoanza, ahesabu hadi nne kwa sauti na kupiga kofi moja. Wa pili apokee muziki huo pamoja na sauti ya mwenzake, avisikilize vyote, na apige kofi lake juu ya kofi la mwenzake. Kwenye programu, kofi huonekana kama mwiba mrefu. Linganisheni miiba miwili na sauti zenu zitakwenda sawa. Audacity ya kompyuta na BandLab ya simu zote hupatikana bure.

Chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi humeza mwangwi. Rekodi itumeni kama faili, kwa kuwa ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza ubora.

Juu hamtafika kama zamani, na hilo lina dawa: programu inaweza kuushusha muziki kwa nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya vitufe vya kinanda) mbili au tatu. Kabla ya kushusha, imbeni kwanza sehemu iliyo juu kabisa, msipimie mwanzo. "A Whole New World" ya Aladdin, filamu ya mwaka 1992, huanza kwa sauti ya kiume katika ufunguo wa D, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, na kupanda hadi ufunguo wa F pale sauti ya kike inapoingia. Ukipimia mwanzo tu, mwenzako ataachwa anahangaika huko juu.

Mkimaliza, msikate vicheko wala pumzi. Mkitaka kuuweka wimbo mtandaoni, kumbukeni una wenyewe na unaweza kuondolewa. Sisi wetu tunabaki nao. Kila mmoja ahifadhi nakala mahali pawili. Wimbo unaofuata achague yule ambaye safari hii hakuchagua, na asimwambie mwenzake jina lake. Atume mstari wa kwanza.