Somo: Pauni 29,000, slipu za mshahara na viza ya mwenzako Uingereza

Wengi mmeniuliza pembeni nilivyomleta mume wangu kutoka Tanga, nami nimechoka kujibu mmoja mmoja. Hili ni la wenye pasipoti ya Uingereza au ukaazi wa kudumu, wanaomwombea mke au mume viza kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua kiwango
Tangu tarehe 11 Aprili 2024 unatakiwa uwe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ya makato. Zamani ilikuwa 18,600, na kila mtoto aliongeza chake. Sasa kiwango ni kimoja, uwe na watoto watano au huna hata mmoja. Na kwa kazi au biashara, ni kipato chako wewe uliye huku. Mume wangu ana duka la vipuri linaloingiza kuliko kazi yangu, ila halikuhesabiwa hata senti.

Hatua ya 2: Hesabu miezi
Hapa ndipo watu wanapoanguka. Ukiwa na mwajiri yuleyule kwa miezi sita au zaidi, unapeleka slipu za miezi sita. Kama hujafikisha, utaonyesha miezi kumi na miwili, na ulichopokea kweli ndani yake kifike 29,000. Aliyejiajiri hutumia mwaka wa kodi uliokamilika.

Mimi nilikuwa napata 28,200, Oktoba nikapandishwa hadi 29,600. Desemba nimeshaanza kujaza fomu, moyo kwatu. Kumbe kwa mtu wa mshahara wa mwezi maafisa wa viza wanachukua kiwango cha chini kabisa ndani ya ile miezi sita! Slipu yangu ya Julai ilisoma 2,350. Zidisha mara 12 uone. Ikabidi nisubiri hadi slipu sita zote zisome kiwango kipya, nikaomba Aprili. Mume alininunia mwezi mzima.

Hatua ya 3: Linganisha karatasi
Tandika slipu upande mmoja, taarifa za benki upande wa pili, chukua kalamu. Kiasi kilichobaki baada ya makato kwenye slipu ndicho kionekane kimeingia benki, mwezi kwa mwezi. Kisha barua ya mwajiri: kazi yako, mshahara, umeanza lini, umelipwa kiwango hicho tangu lini, mkataba wa aina gani. Karatasi za mwisho zisiwe zimepita siku 28 unapotuma maombi.

Hatua ya 4: Akiba, kama mshahara haufiki
Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi. Chukua pengo lako, zidisha kwa 2.5, ongeza 16,000. Anayepata 25,000 ana pengo la 4,000, kwa hiyo anahitaji akiba ya 26,000. Asiye na kipato kabisa: 88,500. Pesa ziwe zimekaa benki miezi sita. Akiba ya mwenzako inakubalika, hata kama kipato chake cha kazi hakikubaliki.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nina kazi mbili, usafi asubuhi na ghalani usiku. Zinajumlishwa?*
Marahaba. Zinajumlishwa, kila moja na slipu na barua yake. Kama unalipwa kwa saa, wanatumia wastani wa miezi sita, si mwezi mbaya kuliko yote.

*Nimepangisha nyumba yangu Mbezi. Pango linaingia?*
Linaingia, ukiwa na hati ya umiliki, mkataba wa mpangaji na taarifa za benki za miezi 12. Shida yetu tunaijua: pango la miezi sita kwa mkupuo, anapokea shemeji mkononi. Hilo kwao halipo.

*Kaka yangu aniwekee 26,000, viza ikitoka nimrudishie?*
Huo ni mkopo, haukubaliki. Akikupa moja kwa moja, zikakaa kwako miezi sita na ukaeleza zilikotoka, sawa.

*Napokea PIP, ile posho ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, kwa sababu ya mgongo. Nitazipata wapi 29,000?*
Huzihitaji, dada. Anayelipwa PIP, au posho ya kumhudumia mgonjwa, hupimwa vingine: ukishatoa kodi ya mapato na pango, kinachobaki kisiwe chini ya kile ambacho familia kama yenu ingepewa na serikali kwenye Income Support, yaani posho ya wenye kipato kidogo. Niandikie unachoingiza kwa wiki na pango lako, tukae na hesabu.